Ngoma, viwanja na kamera ya mheshimiwa: jibu kwa vijana wa Nkuhungu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko vijana wanne, tumemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), tunaishi Nkuhungu. Tuna chaneli ya YouTube na ukurasa wa Instagram tunakoonyesha hip-hop ya hapa Dodoma, ngoma za Kigogo, wachoraji wa ukutani na maisha ya mtaani. Tukiweka muziki watu wanafurahi. Tulipoweka video kuhusu viwanja vyenye mgogoro mtaani kwetu, mwenyekiti wa mtaa alituita, na baba wa mwenzetu mmoja akasema tubaki kwenye burudani tusije tukaiponza familia. Wakati huohuo kuna mheshimiwa ametuahidi kamera. Tunauliza: chombo kidogo kama chetu kinaweza kubadilisha chochote kwenye jamii, au tubaki na muziki? Na tutaishije bila kununuliwa?

JIBU: Marahaba, na mbukwenyi nyote wanne.

Mmeuliza mambo kadhaa kwa mkupuo, na hayana uzito sawa, kwa hiyo sitayapa nafasi sawa. La sheria nitalipitia haraka. La kamera ni jepesi kuliko mnavyodhani. Nitakaa zaidi kwenye hilo la "tubaki na muziki", maana naona mmeshaanza kuamini kwamba muziki una upande wake na viwanja vina upande wake. Mkishaamini hivyo chaneli imekwisha, hata kama watazamaji wataendelea kuongezeka.

Chukueni kikundi cha akina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo. Dodoma ndiko Bunge linakokaa, ndiko mikutano mikubwa ya vyama inakofanyika, ndiko wageni wa kitaifa wanakoshuka, na mapokezi karibu yote yana ngoma. Mmewarekodi akina mama wale wakipiga ngoma zilizobanwa katikati ya mapaja, video imependwa, watu wameisambaza. Sawa. Sasa rudini kwa kiongozi wao mkiwa na daftari. Mwaliko ulikujaje, kwa barua au kwa simu ya saa nne usiku? Walitakiwa kufika saa ngapi, na mgeni alifika saa ngapi? Nani aliwapa maji wakati wanasubiri juani? Nauli ya kutoka kijijini ilitoka mfuko gani? Malipo yalikuja lini, na nani alisaini kuyapokea? Kila kikundi kina majibu yake, na mengine yatakuwa mazuri tu, kwa sababu wapo maofisa utamaduni wanaohakikisha watu wamelipwa kabla hawajapanda gari la kurudi. Lakini hayo yote ni maswali ya utamaduni. Ni maswali ya wanawake, ya kazi na ya fedha za umma vilevile. Hamjahama dawati.

Au chukueni wachanaji wenu. Wanafanyia wapi mazoezi? Kama ni kwenye pagale, pagale hilo ni la nani, na likimaliziwa wataenda wapi? Kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lenu kuna viwanja vilivyotengwa kuwa maeneo ya wazi, kwa ajili ya michezo na mapumziko. Viko wapi leo? Kimojawapo kimeota msingi wa nyumba? Kingine kimegeuka gereji? Na shoo ya mtaani inapokatwa saa sita usiku kwa sababu ya kelele, kibali kilisema saa ngapi, nani alikitoa, na kwa nini baa ya jirani yenye spika kubwa zaidi haikuguswa? Mmefika kwenye ardhi, kwenye vibali na kwenye upendeleo, na bado mnazungumza hip-hop.

Ndiyo maana ushauri wa kubaki kwenye burudani siuoni kuwa salama kama unavyoonekana. Msanii akishagundua kwamba mnamwita siku ya shoo tu, na siku alipofukuzwa kwenye chumba cha kurekodia hamkuonekana, atawahesabu kama wapiga picha wa harusi: watu wazuri, wanaokuja kukiwa na sherehe.

Kuna jambo la pili linalohusu mji wenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji hilohilo. Katikati ya sensa hizo mbili yalitokea mambo mnayoyajua kwa kuyaishi: Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali sasa inahamia kweli, Mei 2017 akaivunja CDA, mamlaka iliyokuwa imeshika upangaji na ugawaji wa ardhi ya mji huu tangu 1973, Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Mafaili ya viwanja yakahamia halmashauri, na malalamiko ya fidia na ya kiwanja kimoja kuwa na watu wawili yakahamia nayo. Mashamba ya zabibu na uwele yakapimwa. Mtu aliyekuwa mkulima pembezoni akajikuta yuko katikati ya mji, kwenye ardhi ambayo kila mwenye gari lenye vioo vyeusi anaiulizia bei.

Mji uliokua kwa kasi hiyo ulipaswa kuwa na vyombo vingi vya kuusimulia. Fungulieni taarifa ya habari ya usiku, kituo chochote. Mtangazaji atasema "Dodoma", kisha mtamsikia waziri, mbunge, katibu mkuu, semina kwenye ukumbi wa hoteli. Habari nzima imetoka Dodoma na ndani yake hakuna mkazi wa Dodoma. Siwalaumu waandishi wenzangu. Wengi wametumwa kufuatilia Bunge na wizara, na wanaojitegemea hulipwa kwa habari iliyotumika, si kwa habari iliyo muhimu. Redio za hapa, kina Dodoma FM, A FM na Mwangaza, zinafanya kazi kubwa ya kuwapa watu wa kawaida nafasi, lakini redio ina ratiba ya kujaza usiku na mchana, na mtangazaji mmoja anabeba vipindi vitatu. Ninyi hamna ratiba. Mna muda. Kwa chombo kidogo hiyo ni mali kuliko kamera.

Sasa, kubadilisha jamii. Watu wakiulizwa swali hili hukimbilia kumtaja Sugu na Profesa Jay: waliimba shida za mtaani, mmoja akaingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini, mwingine 2015 kwa Mikumi, wote wakaja kukaa kwenye viti vya hapa Dodoma. Ni historia nzuri, ila kwa swali lenu nadhani inaangaliwa upande usio wenyewe. Angalieni nyuma ya wasanii. Sheria ya utangazaji ya 1993 iliruhusu redio binafsi. Radio One ikaanza 1994, nyingine zikafuata. Na ndani ya studio hizo kulikuwa na watangazaji walioamua kupiga kanda za vijana ambao wazazi wao waliwaita wahuni. Kabla ya hapo mashairi yalikuwepo, yakiishia kijiweni. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye kipaza sauti aliamua kumpa nafasi asiyekuwa nayo, wiki baada ya wiki, mpaka nchi ikazoea kumsikia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Nairobi. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho, mtaa wa mabanda, walianzisha Koch FM studio ikiwa ndani ya konteina. Masafa yake, 99.9, yanatumiwa pia na Pamoja FM ya Kibera, na hazigongani kwa sababu mitambo ni midogo na kila redio inasikika mtaani kwake tu. Kuna wafadhili ambao wangeuona huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa ndiyo siri yenyewe: anayesemwa na anayesikiliza wanakutana kwenye foleni moja ya maji, na mtangazaji akisema uongo asubuhi, saa sita mchana ameshaulizwa. Chaneli yenu inaweza kuonekana mpaka Kanada, na hiyo itawapa tamaa ya kutengeneza vitu vya kuwafurahisha watu wa Kanada. Jipangieni wenyewe mipaka ambayo mtambo mdogo umewapangia wale. Semeni: sisi ni wa Nkuhungu na kata zinazotuzunguka, wengine wanakaribishwa kutazama.

Video moja ya viwanja haitabadilisha kitu. Kiongozi ana dawa ya video moja: anakaa kimya siku nne, kiki nyingine inaibuka, watu wanahama. Asichokuwa na dawa nacho ni swali linalorudi. Kwa hiyo chagueni jambo moja na mkae nalo mwaka mzima. Kwa jinsi mlivyo, ningechagua maeneo ya wazi, kwa sababu yanagusa muziki, michezo, watoto na ardhi kwa pamoja, na kwa sababu yana ushahidi wa karatasi.

Kazi yenyewe inaendaje? Mnaandika barua kwa Mkurugenzi wa Jiji kuomba kuona mchoro wa mipango miji wa kata yenu. Barua hiyo mnaijenga juu ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Mnapeleka nakala mbili, ya kwenu inagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe ya muhuri huo ndiyo saa yenu. Msiitangaze barua kabla haijajibiwa, mtamfanya ofisa ajifunge. Jibu likija, mnatembea kwa miguu na mchoro mkononi, eneo kwa eneo, mkitafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Mnapiga picha kila kona. Mnaongea na aliyejenga pale, maana mara nyingi naye alinunua kwa mtu aliyemwamini na ana karatasi yake. Kisha mnahudhuria Baraza la Madiwani, ambalo hukaa kila robo ya mwaka na si kikao cha siri, mnakaa kimya nyuma, mnaandika. Diwani wenu ameliuliza? Hajaliuliza? Hiyo ni habari. Robo inayofuata mnarudi.

Jibu dogo nalo litoeni. Ofisi ikisema "tumepokea, tunalifanyia kazi", wekeni hivyohivyo pamoja na tarehe. Miezi mitatu baadaye mnaweka tena jibu lile na tarehe mpya pembeni yake. Hamjamtukana mtu, hamjapaza sauti, na kila anayetazama ameelewa. Sauti ya juu huwa ni ya mwandishi ambaye hana karatasi.

Hapa ndipo anapoingia mwenyekiti wa mtaa. Barua yenu haikusema kama mlimtafuta kabla ya kuweka video. Kama hamkumtafuta, alikuwa na haki ya kuwaita, na mshukuru kwamba aliwaita ninyi, hakuwaita polisi. Huyu ni mtu asiye na mshahara wa serikali, anayegongewa mlango alfajiri kwa ugomvi wa wapangaji, na mauziano mengi ya viwanja vya mtaani hupita mbele yake. Anaijua historia ya kila mpaka. Anaweza pia kuwa sehemu ya historia hiyo. Mhojini akiwa yote mawili: nendeni kwake kwa heshima, mkae, mumpe maswali mapema, mumrekodi kwa ridhaa yake, na kama kuna mwananchi amemtaja, mumweleze wazi ametajwa kwa lipi ili ajibu. Akikataa, semeni amekataa na tarehe mliyomwendea. Msiandike "tapeli" wala "mwizi" juu ya mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani. Andikeni mlichokiona: karatasi mbili juu ya kiwanja kimoja, hii ya tarehe hii, ile ya tarehe ile. Shauri likiwa tayari Baraza la Ardhi, ripotini yaliyosemwa barazani na mwachie baraza uamuzi. Na kumbukeni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kinachoadhibu kusambaza taarifa za uongo. Mkiwa na karatasi, rekodi na jibu la upande wa pili, mna kitu cha kusimamia.

Tuje kwenye leseni. Msiifanyie uzembe, kwa sababu ndilo shimo wanalotumbukia vijana wengi wenye nia njema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, leseni iligharimu shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za kuanzia na 1,000,000 nyingine kila mwaka, na wengi wakafunga. Kanuni hizo zilibadilishwa na za 2020, zikarekebishwa tena 2022, na ada zikapungua. Nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ya Kanda ya Kati, iko hapahapa mjini, waulizeni jedwali la sasa, na muulize swali moja mahususi: maudhui yenu yanaangukia kundi gani? Kanuni za 2020 zilitenganisha habari na matukio na burudani, elimu na dini. Mkijitambulisha kama burudani kisha mkafanya kazi ya viwanja niliyoieleza hapo juu, mmempa mtu yeyote asiyewapenda silaha ya bure. Jina la biashara au kampuni mnasajili BRELA, na TIN, namba ya mlipakodi, mnaichukua TRA. Mkitaka kuchapa jarida, hata la kurasa nane, hiyo ni leseni ya Idara ya Habari Maelezo chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta Bodi ya Ithibati ya waandishi na kigezo cha elimu, kwa hiyo angalau mmoja wenu mwenye stashahada au shahada ya uandishi afuatilie kitambulisho. Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho yakafanyika 2023. Mjadala huo ni muhimu, mnaweza kuushiriki. Ila ushirikini mkiwa na leseni.

Nimemaliza sheria, narudi kwenye utamaduni, maana kuna mtego ambao chaneli za utamaduni huingia bila kujua. Ni mtego wa kusifu. Kila kitu cha mababu kinakuwa kizuri, kila mzee ni hazina, kila ngoma ni urithi. Muziki wa Kigogo kweli ni wa kiwango cha dunia. Mzee Hukwe Zawose aliondoka na zeze na ilimba zake, vile vinanda vya vidole gumba, kutoka mkoa huu, akawa mwalimu Bagamoyo, akapanda majukwaa makubwa ya Ulaya, na kabla ya kufariki mwaka 2003 kampuni ya Real World ya Uingereza ilikuwa imetoa albamu zake. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo (Kigogo kwa matamshi ya wenyewe) lililoanza 2009 ambalo huwakusanya wapigaji kutoka vijijini. Yote hayo ni ya kusherehekea, na mnapaswa kuyafanyia kazi nzuri kuliko mtu yeyote kwa sababu mko karibu.

Lakini utamaduni huohuo una upande ambao hauimbwi jukwaani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika Mkoa wa Dodoma wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Kukataza peke yake kumefanya baadhi ya familia za kanda hii wawafanyie watoto wachanga, ambapo hakuna sherehe, hakuna ngoma, na hakuna wa kuona. Chombo kinachojiita cha utamaduni wa Dodoma kikikaa mwaka mzima bila kuligusa hili, kimechagua upande. Kuligusa siyo kuleta picha ya binti akilia. Ni kumpa bibi aliyewahi kushika wembe nafasi ya kueleza kwa nini aliacha, bila kuonyesha uso wake asipotaka. Ni kumuuliza mkunga wa zahanati anachokiona. Ni kuwapa akina mama wa muheme wenyewe nafasi, kwani wao hutunga, na nyimbo zao zimekuwa zikisema mambo mazito kwa mafumbo tangu zamani. Hapo muziki unafanya kazi ambayo bango la mradi haliwezi. Ila mwanamke anayezungumza aelezwe kwamba video haitarudi nyuma ikishasambaa, apewe siku kadhaa za kufikiri, na ridhaa yake iandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana na ninyi.

Ridhaa hiyohiyo iwe kwa wasanii. Mkirekodi kikundi cha kijijini, wasainishane nanyi karatasi ya ukurasa mmoja inayosema video itatumika wapi na ikiingiza pesa wanapata nini. Muziki wa Kigogo unarekodiwa sana na wageni wanaoondoka na kanda. Msiwe wageni wa kutoka Nkuhungu.

Kuhusu lugha, mna uhuru ambao redio haina. Kanuni za utangazaji zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine kwa kibali, kwa hiyo Cigogo kwenye redio kinasikika zaidi ndani ya wimbo. Mzee akiwa huru zaidi kwa Cigogo, mwacheni aongee, wekeni maandishi ya Kiswahili chini. Mtapoteza wasiopenda kusoma. Mtapata maelezo ambayo mzee yule hajawahi kumpa mtu mwenye kamera.

Pesa sasa. YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kabla haijaanza kuwapa mgawo kamili wa matangazo, na mkifika hapo, kwa video za mtaa wenye bando la kupimapima, itakuwa pesa ya vocha. Ichukulieni hivyo. Chombo kidogo cha mjini huishi kwa kazi za pembeni, na sioni aibu yoyote kwenye harusi, kipaimara na mahafali. Hakikisheni tu zina jina lingine na akaunti nyingine, ili bwana harusi asije akadhani amenunua pia ukimya wenu siku duka lake likikamatwa na dawa zilizokwisha muda. Matangazo chukueni madogo na mengi: saluni, fundi viatu anayejituma, wauza mvinyo wa Dodoma, mwenye nyama choma wa mnada wa Msalato. Mtu mmoja asizidi theluthi ya mapato yenu, kwani akijua anawalisha atawapigia simu. Jioni ya maonyesho ya kulipia kiingilio, yenye wachanaji wawili na kikundi kimoja cha ngoma, inaweza kuwapa kuliko miezi ya YouTube, na watu watafahamiana.

Kuna mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mkikidhi vigezo vya kikundi, ombeni, ni haki ya kisheria na si hisani ya mtu. Ila siku mtakaporipoti halmashauri, semeni mwanzoni mwa video kwamba mna mkopo wake. Watazamaji husamehe deni walilolijua. Ruzuku za mashirika ni nzuri pia kwa mradi wenye mwisho, mradi msianze kuandika mada kwa lugha ya maandiko ya miradi. Nimeona chaneli zilizokuwa na ladha zikigeuka taarifa ya robo mwaka.

Bahasha mnaijua. Mtaalikwa kwenye uzinduzi, mtasaini karatasi ya "nauli", mtapewa elfu ishirini au hamsini. Ukipokea mara moja utaitwa tena, na ukiandika kinyume utaulizwa mbele za watu. Jilipieni bajaji. Mkifika na nauli yenu mfukoni mnaweza pia kuondoka mapema, na hilo peke yake litawatofautisha na makanjanja wanaosubiri mpaka mgeni wa heshima aondoke.

Na kamera ya mheshimiwa je? Kataeni zawadi, mpeni bei. Mwambieni kwa adabu kwamba hampokei vifaa kutoka kwa mtu mnayeweza kumripoti, lakini akitaka kutangaza mashindano yake ya mpira kuna bei, kuna ankara, na tangazo litaandikwa "tangazo". Akikasirika, mmejua kamera ilikuwa ya nini. Akikubali, mna mteja. Simu mliyonayo, maiki ndogo ya kubana kwenye kola na sehemu tulivu ya kurekodia vinatosha mwaka wa kwanza. Watu huvumilia picha yenye kiza kuliko sauti ya upepo, na Dodoma upepo hauishi.

Amebaki baba wa mwenzenu. Hofu yake msiichukulie kama ushamba. Amewasomesha, na anajua ofisa akitaka kumpata kijana huanzia nyumbani. Kaeni naye mmoja mmoja, mwonyesheni leseni mkishaipata, mwelezeni kwamba hakuna anayekwenda peke yake kwenye habari ya ardhi, kwamba rekodi zote zinahifadhiwa mahali pawili, kwamba video ya mgogoro inatazamwa na wote wanne kabla haijatoka na mmoja akikataa haitoki siku hiyo. Jiungeni pia na klabu ya waandishi wa habari ya Dodoma, ili siku mkiitwa kituoni kuwe na mtu mzima wa fani wa kumpigia simu kabla ya kumpigia baba huyo. Na anwani ya ofisi kwenye fomu za TCRA na BRELA isiwe nyumbani kwake. Tafuteni chumba, hata cha kuchangia na fundi cherehani, kabla hamjaanza kuzijaza.